Ubeti wa Pili wa Mwantum

Jumamosi saa tisa alasiri bendi ya Kiangazi ilikuwa imekwisha kufunga vyombo ndani ya banda la kuku la Mzee Silvano, mtaa wa Kikuyu, na Fulgence alikuwa anagombana na ngoma moja iliyokataa kukazika. Banda halikuwa na kuku tena. Kuta zake zilibandikwa trei za mayai toka chini hadi juu ili sauti isiwasumbue majirani, jambo ambalo majirani walilishukuru huku wakiendelea kulalamika. Bendi yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Luka alipiga gitaa na kujiona kiongozi, Fulgence alipiga ngoma, na Asnath aliimba na kupiga besi. Jumatatu hadi Ijumaa huyu Asnath alikuwa karani wa masijala katika wizara moja kule Mtumba, akitafuta majalada yaliyopotea.

Siku hiyo walipiga kwa mara ya kwanza, toka mwanzo hadi mwisho, “Mwantum Rudi”. Ni zilipendwa ya mwaka 1979, kibao cha dansi ambacho kila mwenye masikio katika Kanda ya Kati anakijua. Luka alikuwa amekipunguza mwendo, akaondoa tarumbeta zote na kuweka gitaa lenye mkwaruzo mahali pake, maana vijana wa roki hawawezi kuona kitu laini wakakiacha salama. Asnath aliimba:

Mwantum rudi, chai imepoa,
Mwantum rudi, nyumba imenuna,
Mwantum rudi, nimwambie nani?

Kwenye “rudi” ya tatu, mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa amesimama uani, mbele ya banda. Alikuwa peku. Mkononi alishika mwiko wenye ugali wa uwele uliokuwa bado unatoa mvuke. Alisubiri gitaa linyamaze.

“Mmemaliza?” aliuliza.

“Tumemaliza, bibi. Shikamoo,” alisema Asnath.

“Marahaba. Basi la Kwamtoro linaondoka saa ngapi?”

Fulgence alimwambia basi la Kwamtoro huondoka asubuhi, na la leo lilikuwa limeshakwenda. Mwanamke alitikisa kichwa kwa kulitegemea jibu hilo, akaulamba mwiko ili ugali usipotee bure. Mzee Silvano alikuwa ameketi barazani, hatua kumi kutoka hapo. Hakumsalimu. Alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu, kisha akasema, “Umezeeka, Mwantum,” akainuka na kuingia ndani.

Asnath alimchukua yule bibi kwa bajaji hadi chumbani kwake Area D, akampa kandambili na mahali pa kulala. Mwantum hakusema mengi. Alikuwa ameacha sufuria jikoni, lakini mjukuu wake ana akili, atakuwa ameipua. Aliuliza kama wataupiga tena wimbo ule. Asnath alisema ndiyo, Jumamosi ijayo. “Basi nitavaa viatu mapema,” alisema Mwantum, akageukia ukutani akalala.

Mambo yenyewe yalikuwa yanajulikana, ila hakuna aliyeyaona kuwa ni ya kusimulia. Silvano ndiye aliyeutunga wimbo ule mkewe, huyu Mwantum, alipomkimbia akarudi kwao, upande wa Wasandawe. Vidole vya gitaa Mungu alimpa, sauti akamnyima. Aliyeuimba alikuwa Matonya, mwimbaji wa bendi yao, ambaye sasa ni marehemu. Wimbo ulipendwa kupita kiasi. Waliogombana walipatana kwa ajili yake, na waliokuwa na kila sababu ya kuondoka waliusikia wakafungua tena mabegi. Mama yake Asnath, Loisi, alimsamehe mumewe mara mbili kwa wimbo huo, na mara zote mbili alijuta.

Mwantum naye, wimbo ukiimbwa, huja. Redio humsogeza hatua chache tu, kutoka jikoni hadi mlangoni, kwa hiyo Jumapili wakati wa kipindi cha zilipendwa hapiki kitu cha kuungua. Bendi za harusini zilipoupiga, ziliupiga ovyo, zikamfikisha nusu ya njia; akapanda gari akarudi zake. Ni sauti nzuri tu, hai, yenye kuupenda wimbo, iwezayo kumleta mpaka Kikuyu. Tangu bendi ya Matonya ilipovunjika hakuwa amefika.

Ng'ombe hazeeki maini, na Silvano hakukata tamaa. Kwa miaka mingi alijaribu kuimba mwenyewe kila jioni hapo barazani. Waliokuja walikuwa kuku. Walikuja kutoka nyumba za jirani na kutoka mbali zaidi, wakajaa uani wakimsikiliza, ikabidi awajengee banda. Mwaka juzi aliwauza wote, akatangaza kwamba banda liko wazi kwa vijana wenye vyombo vya muziki. Hakutaka kodi. Alichouliza kwa Kiangazi ni kimoja tu, nani kati yao anaimba, na Asnath alipoinua mkono alimwomba aimbe kidogo, chochote.

Jumatano baada ya mazoezi yale, Silvano alimwita Luka akampa daftari la zamani lenye jalada la bluu. Ndani mlikuwa na ubeti wa pili wa “Mwantum Rudi”, ambao haukuwahi kurekodiwa wala kuimbwa. Luka aliushika kwa mikono miwili. Kwa bendi ya namna yao, ubeti uliofichwa, kwa mwandiko wa mtunzi mwenyewe, ambao hakuna bendi nyingine duniani iliyo nao, ni zaidi ya chakula. Hakuuliza kwa nini ulifichwa. Jioni hiyohiyo waliurekodi chumbani kwake, Asnath akiwa ameingiza kichwa ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usiingie:

Ingia ndani, keti mahali pako,
Vua viatu, nyuma usitazame,
Funga mlango, Mwantum, funga mlango.

Asnath aliupenda ubeti ule, na hilo lisifichwe. Alipofika kwenye “funga mlango” ya pili machozi yalimtoka kati ya makoti ya Luka, na hakuwahi kuimba vizuri namna ile kabla yake wala baada yake. Usiku huohuo waliuweka mtandaoni. Kabla ya wiki kwisha maharusi walikuwa wanaingilia nao ukumbini, bwana harusi akinyoosha mkono, bibi harusi akivua viatu kizingitini.

Jumamosi walipoupiga tena, Mwantum alifika akiwa na viatu vyeusi vya kamba, mkoba, na chupa ya uji. Aliinua kiganja kabla hawajaingia ubeti wa pili, na Fulgence akanyamazisha ngoma. Alimwomba Asnath waende pembeni. Walikaa kwenye matofali nyuma ya banda, na Mwantum akapandisha mkono wa gauni. Kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kimeungana vibaya, kimepinda kwenda nje.

“Huu mkono aliuvunja Silvano,” alisema. “Kwa mchi.”

“Kwa nini, bibi?”

“Chai ilikuwa imepoa.”

Asnath alikuwa ameuimba mstari huo labda mara mia mbili maishani mwake, toka akiwa mtoto mgongoni. Mwantum alimimina uji kwenye kifuniko cha chupa akampa, kwa vile alimwona amebadilika rangi.

“Matonya aliuona huu mkono,” alisema. “Siku alizoimba mimi nilikuja, nikasimama pale getini, akaniona. Silvano alipompa ubeti wa pili, Matonya akasema koo linamuuma. Koo lilimuuma miaka minne, mpaka bendi ikavunjika.”

“Bibi, ungeniambia mapema nisingeurekodi.”

“Wa kwenye simu naumudu. Watu wakiucheza huko waliko, najikuta nimevua viatu tu, basi. Lakini ukiuimba hivi, mbele ya watu, nitaingia. Nikiwa nje naweza kurudi kwetu, nimerudi mara nyingi. Nikishaingia mlango ukafungwa, huo wimbo hauna mahali pa kutokea.” Alisema maneno mawili matatu kwa Kisandawe, yale ya kugonga ulimi, akiyasema kwa nafsi yake. Kisha akasema, “Usiuimbe, mwanangu.”

Asnath aliahidi, na aliahidi kwa moyo wote. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa maisha yake kuyashika.

Luka hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza yote, akasikitika, kisha akakumbusha kwamba wamealikwa kwenye tamasha la Agosti kule viwanja vya Nzuguni, na kwamba wamealikwa kwa wimbo huo. “Wimbo ni wimbo, Asnath. Watu wanaoana kwa huu wimbo.” Walijaribu kubadilisha jina. Waliimba “Antonia rudi” na wakaja akina Antonia watatu wa Kikuyu, mmoja akiwa na povu kichwani, wakitaka kujua wameitiwa nini. Waliomba radhi. Mwishowe walikubaliana hivi: wataimba ubeti wa kwanza tu, mara moja, wamalizie hapo. Abdulrahim, mwana wa Mwantum kwa mume wa pili, angemsubiri mama yake getini kwa Silvano na pikipiki, ampakie arudi naye.

Siku ya tamasha upepo wa Agosti ulivuma baridi, na watu zaidi ya elfu mbili walivaa makoti wakasimama kwenye vumbi. Kiangazi walipanda jukwaani saa kumi na moja jioni. Asnath aliimba ubeti wa kwanza, akaufikisha mwisho, akafumba mdomo.

Gitaa halikunyamaza. Luka alikuja kusema baadaye kwamba vidole viliendelea vyenyewe. Yawezekana. Yawezekana pia kwamba watu elfu mbili wakikutazama, vidole hupata akili zao. Asnath alifunika kipaza sauti kwa kiganja na kurudi nyuma hatua mbili, na watu wakaelewa hivyo kuwa anawaachia waimbe wao, kama waimbaji wakubwa wanavyofanya. Wakaimba. Wote walikuwa wanaujua. Wakainua simu zenye taa, wakakumbatiana, wakaimba kwa sauti moja iliyofika mpaka barabara ya Morogoro. Asnath aliwapigia kelele wanyamaze, nao wakamshangilia.

Kikuyu nako Abdulrahim alikuwa getini, pikipiki inanguruma. Mama yake alifika kwenye “rudi” ya tatu kama ilivyopangwa, akampa mkoba, akainua mguu apande. Kisha akaushusha. Abdulrahim ni kijana wa kubeba magunia, alimshika kiunoni kwa mikono yote, akakokotwa naye hadi barazani bila mama kuonyesha kutumia nguvu. “Niachie, baba, utaumia,” alimwambia. Kizingitini alivua viatu, akavipanga sawasawa, akaingia, na mlango ukafungwa. Haukuwa na kufuli wala komeo. Abdulrahim alipousukuma ulikuwa kama ukuta.

Jumatatu Asnath aliomba ruhusa kazini, wakaenda kituoni yeye na Abdulrahim. Askari wa zamu aliwasikiliza vizuri sana, akaandika.

“Mlango una kufuli?”

“Hauna, afande.”

“Aliingia kwa miguu yake?”

“Kwa miguu yake.”

“Basi hajafungiwa,” alisema askari. Simu yake ikaita, na mlio wake ulikuwa ubeti wa pili, sauti ya Asnath mwenyewe kutoka kabatini. Aliuachia uimbe kidogo kabla ya kupokea, kwa kuwa aliupenda.

Habari zilienea kwa namna yake. Wapenzi wa zamani wamerudiana baada ya miaka arobaini na tano, tena kwa wimbo. Wanawake wa mtaani walikuja na vigelegele, wakaimba nje ya mlango uliofungwa, wakaacha kanga na sahani. Watu wa mtandaoni walikuja kupiga picha viatu vilivyopangwa kizingitini. Mzee Silvano, ambaye mlango ulimtii yeye, alitoka barazani amevaa kofia, akawashukuru. Alipomwona Asnath nyuma ya watu alimwita kando.

“Una sauti, binti,” alisema. “Matonya alikuwa mwoga.”

“Mfungulie, babu.”

“Mimi nimemfunga na nini? Muulize mwenyewe. Dirisha lile pale.”

Dirisha la nyuma lilikuwa na nondo, na Mwantum alikuwa nyuma ya nondo, amevaa gauni la mikono mirefu ambalo si lake. Alimwambia Asnath asilie, kwani kulia hakujawahi kufungua kitu. Alichotaka ni kazi ifanyike. Wimbo hauna mahali pa kutokea kwa kuwa hakuna aliyepatunga. “Wewe si mwimbaji? Nitungie.”

Asnath alitunga. Alitunga wiki tatu, ofisini nyuma ya majalada, kwenye foleni ya maji, popote. Ubeti wa tatu ulisema: toka, Mwantum, viatu vyako hivi hapa, njia ya Kwamtoro iko wazi, hudaiwi chai na mtu. Aliuimba peke yake chini ya dirisha, na mlango wa mbele ulifunguka upana wa kidole kimoja, ukakaa hivyo mpaka ubeti ulipokwisha, ukajifunga. Fulgence alipoungana naye ulifunguka vidole viwili. Hesabu ikawa wazi, sauti moja ni kidole kimoja. Mwantum alikuwa mwembamba. Walipima kwa kamba, wakaona sauti ishirini zingemtosha kupita kwa ubavu.

Watu ishirini ni nini? Asnath aliwakusanya wafanyakazi wenzake ishirini na watano, akawaletea soda, akawagawia maneno yaliyochapwa. Waliimba vizuri. Mlango haukusogea hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wameombwa, na wimbo ule tangu mwanzo ulihesabu wale tu walioupenda. Abdulrahim alileta wanawe wanne kutoka Kwamtoro. Waliimba huku wanalia, na mlango ukabaki vilevile, maana waliyempenda ni bibi yao. Wimbo wenyewe, mtoto mkubwa alimwambia Asnath kwa adabu, ule wa kwanza ni mtamu zaidi.

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomkosesha Asnath usingizi na hamu ya kula. Aliubadilisha ubeti wake mara kumi na moja. Akauongeza mwendo, akaupunguza, akarudisha hata tarumbeta. Mama yake, Loisi, aliyejua zaidi ya wengi kwa nini ubeti ule ulihitajika, aliusikiliza mpaka mwisho akasema ni mzuri, ni wa kweli kabisa. Kisha akaonekana jikoni anaosha vyombo, mdomoni anao ule wa pili.

Kiangazi sasa wanaalikwa kila mwezi. Luka amenunua gitaa jipya. Katika kila onyesho Asnath anaimba ubeti wake wa tatu kwanza, kabla watu hawajachoka, na watu wanausikiliza kwa heshima, wengine wanatumia nafasi hiyo kwenda kununua nyama choma. Akishamaliza anaweka kipaza sauti chini na kushuka jukwaani. Watu wanaimba wenyewe ule wanaoutaka, ubeti wa kwanza na wa pili, mara mbili au tatu.

Mwezi jana walipiga Buigiri, uwanja umejaa, watu mia nne na ushei. Kesho yake Jumapili asubuhi Asnath alikwenda Kikuyu, akazunguka hadi dirisha la nyuma. Mwantum alikuwa ameketi chini ndani ya chumba, ungo mapajani, anachambua uwele.

“Shikamoo, bibi. Jana ubeti wetu waliuimba wengi.”

“Sita,” alisema Mwantum. “Nilipima mlango kwa vidole.”

Asnath alishika nondo. Alianza kusema juu ya mwezi ujao, juu ya ala mpya ambayo Fulgence ameipendekeza.

“Kabla ya hapo walikuwa wanne,” alisema Mwantum, na alisema bila uchungu. Kisha akamwomba asogee kidogo, alikuwa anamkinga mwanga, na Silvano hapendi kukuta mchanga kwenye ugali.